Kebo ya kuchajia Leaf yenye skrini: ikikataa, usiilazimishe

Nimenunua kebo hii kwenye duka moja la Mombasa mjini kwa shilingi 28,000. Ni ya kuchajia gari la stima nyumbani, kichwa chake ni kile cha matundu matano kinachoingia Nissan Leaf, na upande wa pili ina plagi yetu ya miguu mitatu. Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani, kazi zangu nyingi ziko Kisauni, Bamburi na Mtwapa, na siku hizi simu nyingi zinazonijia ni za magari yasiyoshika chaji. Kwa kazi hiyo, hiki ndicho kifaa bora nilichowahi kubeba mkobani.

Ubora wake uko kwenye kile kidude cha katikati. Kina skrini inayoonyesha volti, ampea, joto la plagi na yuniti zilizoingia, na kina kitufe cha kuchagua ampea 6, 8, 10 au 13. Leaf kadhaa nilizohudumia zilikuja na kebo ya Kijapani ya volti 200, inayoliruhusu gari kuvuta takriban ampea 15. Plagi ya kule hukatwa ikafungwa yetu, ambayo fyuzi yake ni ya 13. Kwa muda mfupi inavumilia. Usiku kucha haivumilii: plagi inalainika, soketi inageuka kahawia, na mwenye gari anasema chaja imekufa. Hii mpya naiweka 10. Kwa volti 240 hiyo ni kilowati 2.4, na Leaf ya zamani yenye betri ya yuniti 24 iliyobakiwa na robo, ikichomekwa baada ya isha, alfajiri inakuta imejaa.

Lakini kitu kinachowafanya watu wairudishe dukani ni taa nyekundu ya waya wa ardhi, ule unaopeleka stima iliyovuja chini ardhini. Kabla ya kuruhusu stima ipite, kidude hiki hupima ule waya wa kijani na njano. Kisipouona, kinagoma. Mama mmoja wa Kisauni aliniita akiwa na hasira. "Fundi, hii kebo ni mbovu. Friji yafanya kazi kwenye soketi hii hii, pasi pia yafanya."

Ni kweli zilikuwa zinafanya kazi, kwa sababu friji na pasi huendelea hata waya wa ardhi ukiwa haupo. Nilikwenda nyuma ya nyumba kutazama fimbo iliyochimbiwa ardhini, ambako waya huo huishia. Hapa pwani chini yetu ni mwamba wa matumbawe, na juu yake mchanga unaokauka haraka. Aliyejenga aligonga fimbo ikakwama kwenye mwamba, akakata kilichobaki. Nilipopima ukinzani wake, yaani jinsi inavyoizuia stima kupita, ikasoma zaidi ya omu 300, nyingi mno. Tukachimbia fimbo mbili mpya upande wa maji ya bafuni yanakotokea, ambako udongo una unyevu, tukaziunganisha, na taa ikawa kijani jioni ile ile. Kebo haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imeona hatari ambayo nyumba nzima imeishi nayo miaka yote.

Kuna mafundi wanaotibu taa hiyo kwa njia ya mkato: wanafungua plagi, wanaunganisha waya wa ardhi na nyutro, yaani waya unaorudisha stima, taa inageuka kijani, wanalipwa, wanaondoka. Ndugu zangu, msikubali kitu hicho. Siku nyutro ikikatika, bodi ya gari inaweza kubeba volti 240, na mtoto anayepita uani miguu mitupu akiliegemea ndiye atakayepitisha stima hiyo kwenda ardhini. Fundi akikupendekezea hivyo, mlipe nauli yake aende.

Skrini ya volti nayo imenisaidia kupata makosa ambayo macho hayaoni. Nyumba moja ya Bamburi ilisoma 236 kabla ya gari kuanza kuvuta, kisha kwenye ampea 13 ikashuka hadi 218. Volti 18 zimepotea njiani, na ukizizidisha kwa ampea 13 unapata wati zaidi ya 230 zinazogeuka joto ndani ya kuta na viungo. Nikafuata waya hadi kwenye soketi ya gereji: skrubu imelegea, na waya wenyewe ni mwembamba wa taa. Tulivuta mpya wa milimita za mraba 4 toka kwenye swichi kubwa, wa gari peke yake.

Taa ikiwa kijani na gari bado halivuti, acha kebo, tazama gari. Leaf ina taa tatu za buluu juu ya dashibodi. Zikiwaka moja moja kwa zamu, gari linasubiri saa ya kuchaji iliyowekwa, mara nyingi na mwenye gari wa kwanza huko Japani, na menyu yenyewe ni ya Kijapani. Zima taimu. Kama hakuna taa hata moja, pima betri ndogo ya volti 12, maana ikifa hiyo, kubwa haichajiki. Na kichwa cha kebo lazima kilie "ta" kinapoingia.

Sijapenda mambo kadhaa. Juani skrini haisomeki. Kidude ni kizito na kinaivuta plagi chini, kwa hiyo nimekipigia ndoano ukutani. Karatasi ya maelezo haielezi vizuri idadi ya mimweko ya taa nyekundu, na wasio mafundi hawatajua kama ni joto, volti ndogo au waya wa ardhi. Urefu wa mita 5 unawashawishi watu kutumia ekstensheni, jambo ambalo silikubali hata kwa ampea 6.

Mwenye Leaf ya yuniti 40 anayefanya teksi asiinunue kama chaja yake kuu. Kwa ampea 10, kuijaza toka chini kunakula usiku wote na sehemu kubwa ya mchana, na gari linalolala gereji mchana haliingizi pesa. Huyo afunge chaja ya ukutani yenye laini yake, na kabla ya yote apimiwe fimbo yake ya ardhini.