MP3 ndogo ipi ununue: uliza kwanza kama inakumbuka ulipoishia

Malalamiko ya wasomaji kuhusu mp3 ndogo, vile vyombo vya mfukoni vya kusikilizia, yanafanana mno. Mtu kanunua Darajani, mjini Zanzibar, GB 16, rangi nzuri, sauti safi. Kaweka darsa la dakika 50, kasikiliza mpaka dakika ya 35, daladala imefika, kazima. Asubuhi yake anawasha na darsa linaanza upya tangu Bismillahi. Anakishikilia kitufe cha kupeleka mbele, saa ya kwenye kioo inapanda kwa sekunde chache chache, kidole gumba kinaanza kuuma, na akiachia kidogo tu kwa makosa inaruka faili zima. Siku ya tatu mp3 imeshatiwa kwenye droo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya kasoro hiyo moja, kwa sababu muuzaji hakutajii na kwenye boksi haiandikwi. Sauti sitaizungumza sana. Chipu za leo, hata za bei ya chini, zinatoa sauti ya kutosha, na mara nyingi kinachoiharibu ni hedifoni. Nafasi ya kuhifadhi nayo inahesabika kwa vidole: faili la MP3 la kbps 128 (kbps ni kipimo cha wingi wa data kwa sekunde) linakula takriban MB 1 kwa dakika. Qur-ani nzima, juzuu 30, kwa msomaji anayechukua kama saa moja kila juzuu, haifiki GB 2. Wimbo wa taarab wa dakika 15 kwa kbps 192 ni kama MB 21. Kwa hiyo GB 8 ni nyingi kuliko watu wanavyoambiwa.

Vyombo hivi vimebuniwa kwa nyimbo za dakika tatu nne, ambapo kupoteza mahali si hasara. Sisi tunasikiliza vitu virefu. Taarab asilia haina haraka: ala zinatangulia, mwimbaji anaingia kwa raha zake, na robo saa inakwisha wimbo bado unaendelea. Kuna juzuu za Ramadhani, kuna mawaidha, kuna darsa ndefu za kusikiliza ndani ya boti ya Pemba. Mchumaji karafuu aliye juu ya mti hana mkono wa kutafuta dakika ya 35. Simu inaweza kazi hiyo, lakini simu inapigwa, inamaliza chaji, na hutaki kuwa nayo juu ya mkarafuu.

Kukumbuka kuko kwa daraja tatu. Ya kwanza haikumbuki kitu: ukizima, inaanza faili la kwanza. Ya pili inakumbuka faili la mwisho tu, na pengine dakika yake, ila ukihamia wimbo mwengine mahali pa mwanzo pamefutika. Ya tatu inalitunzia kila faili mahali pake, hata ukirudi baada ya wiki. Unayoitaka ni ya tatu, na muuzaji akisema "hii inakumbuka" mara nyingi anakusudia ya pili.

Ijaribu dukani. Nenda na kadi yako yenye mafaili mawili ya zaidi ya nusu saa (kwa SanDisk yawe ndani ya folda la Audiobooks, sababu iko chini). Cheza la kwanza, lipeleke mpaka dakika ya 12, na hapo hapo utajua kitufe cha mbele kina kasi gani. Hamia la pili, cheza dakika moja. Zima kabisa, si kuacha kioo kizimike chenyewe. Washa, rudi kwenye faili la kwanza. Likianza dakika ya 12, au likikuuliza kama uendelee, umepata. Jaribio zima halimalizi dakika tano.

Chaguo langu la kwanza ni SanDisk, na sifichi kwamba naipendelea. Clip Sport na ndugu yake Clip Jam ni nyepesi, zina kibanio cha kushikiza kwenye nguo, na vitufe vyake unavijua kwa kupapasa, huhitaji kutazama. Kampuni inataja saa 25 za kucheza kwa Clip Sport na 18 kwa Clip Jam, na zote zinapokea kadi ya mpaka GB 32. Ukiichomeka kwenye kompyuta utakuta mafolda ya Music, Podcasts na Audiobooks. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga kila kitu ndani ya Music, halafu wanalalamika kwamba haikumbuki. Mahali panatunzwa kwa yaliyomo ndani ya Podcasts na Audiobooks. Darsa, juzuu na hata taarab ndefu vitie kwenye Audiobooks. Ukimaliza kunakili, usichomoe waya ghafla: itoe kwanza kwenye kompyuta kwa utaratibu, kisha iache isome upya orodha yake mpaka imalize. Ukiikata katikati orodha huharibika na mafaili hayaonekani, na fundi atakwambia imekufa kumbe haijafa. Clip Sport Plus ina Bluetooth ila haina tundu la kadi, basi pima unachokihitaji zaidi.

Ya pili ni SanDisk pia, lakini ya zamani: Clip+ ya 2009 au Clip Zip ya 2011, kwa anayeipata ikiwa nzima na aliyezoea kompyuta. Hizi zinakubali Rockbox, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Weka kwanza chombo kwenye hali ya MSC, ambayo kompyuta inakiona kama flash, katika mipangilio ya USB, kisha endesha Rockbox Utility kwenye kompyuta, chagua jina kamili la chombo chako na usubiri imalize. Ndani ya mipangilio ya jumla kuna sehemu ya alamisho (bookmark, yaani alama ya ulipoishia): iagize iweke alamisho kila unaposimamisha, na ifungue ya mwisho unaporudi. Hakuna chombo kidogo kinachoshika mahali vizuri kuliko hivi. Udhaifu wake ni betri, kwa kuwa imezeeka na haikuwekwa iwe ya kubadilishwa nyumbani. Usiinunue bila kuiona ikicheza saa mbili mfululizo. Clip Sport na Clip Jam hazikubali Rockbox, hata mtu akuapie.

Sony ni ya tatu. NW-E394 ina GB 8 na betri ya muda mrefu, saa 35 kwa mujibu wa kampuni, lakini haina tundu la kadi, na katika kushika mahali siiweki pamoja na SanDisk. Walkman zenye Android, kama NW-A105, zinamaliza tatizo kwa kuwekewa programu ya vitabu vya kusikiliza, ila hapo unalipia chombo kinachokaribia kuwa simu. Kwa anayeshinda baharini, mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, NW-WS413 imeundwa kuvumilia maji ya chumvi, mpaka mita 2 kwa dakika 30. Isuuze kwa maji matamu kila ukitoka pwani. Haina kioo, kwa hiyo iwekee mafaili machache.

iPod inakumbuka vizuri sana. Ndani ya iTunes unafungua maelezo ya faili, unaingia kwenye chaguo na kutia alama kisanduku cha kukumbuka mahali, faili kwa faili. Lakini Apple ilifunga ukurasa wa iPod Mei 2022, nano na shuffle, iPod zile ndogo, zilikwisha tangu 2017, kwa hiyo unayouziwa leo ni iliyotumika au iliyokaa ghalani miaka. Nano ilaze juu ya meza: kioo kikiwa kimeinuka upande mmoja, betri imevimba, irejeshe. iPod Classic ina diski inayozunguka, isogeze sikioni, ikigonga-gonga iache. Na kwa nano na Classic, bila ya kompyuta yenye iTunes au programu ya kazi hiyo huwezi kuitia hata wimbo mmoja.

Vile vidude vya bei ndogo visivyo na kioo, vinavyopokea kadi tu, mara nyingi vinacheza mafaili kwa mpangilio yalivyonakiliwa na havina pa kuonesha dakika. Ukishakuwa nacho, kata faili refu vipande vya dakika tano kwa mp3DirectCut, programu ya kompyuta ya kukatia mafaili ya sauti, vipe majina 001, 002, 003, na uvinakili kimoja kimoja kwa zamu yake. Utapoteza dakika tano badala ya 35.

Dosari moja inasingiziwa chombo na kumbe ni faili. MP3 yenye kbps zinazopanda na kushuka, ikikosa maelezo sahihi mwanzoni mwake, huonesha urefu wa uongo: darsa la dakika 50 linaandikwa 22, na ukirudi unatupwa pengine kabisa. Libadilishe kwa Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, liwe kbps 128 zisizobadilika, mono (sauti ya njia moja) kama ni mazungumzo matupu.

Kuhusu kadi, hapa wauzaji wanatuumiza kweli. Kadi inaandikwa GB 64, kompyuta inaonesha karibu hizo hizo, lakini ndani ni 8. Nyimbo za mwanzo zinacheza, zilizofuata zina majina tu, hazina sauti, na mteja anaambiwa mp3 yake mbovu. Chukua GB 32, ambayo chombo cha zamani kinaisoma kwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye kadi) bila taabu, kisha ijaze yote kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla hujatia kitu. Halisi itaonesha kama GB 29 na itapita bila kosa hata moja.

Na hii tabia ya kukatazwa kufungua boksi mpaka ulipe si ya haki. Chombo cha kusikiliza kinunuliwe kwa kusikilizwa. Bei yenyewe unatajiwa kwa namna ulivyovaa, ukirudi na mwengine inashuka, kisha unaambiwa ukivunja karatasi ya juu hakuna kurejesha. Ukikataliwa kujaribu, nenda duka la pili, Mlandege au Mchangani hayakosekani. Ukikubali kulipa bila kujaribu, risiti iandikwe jina kamili la chombo, GB za kadi, na siku 7 za kurejesha iwapo haikumbuki mahali au kadi haikupita H2testw, na muuzaji atie saini mbele yako.