Tableti inayoijua Luthuli na kupotea Chalbi

Bado nina hasira, mnisamehe nikiropoka. Pale dukani, Luthuli Avenue, Nairobi, nilipoijaribu tableti hii, kidoti cha bluu cha ramani kilikaa mlangoni kabisa. Nikipiga hatua kumi, nacho kinasogea. Kijana akaniambia, "Bosi, hii hata jangwani hupotei." Nikalipa. Nikapakua Organic Maps, programu ya ramani, pamoja na ramani ya Kenya ili nisitegemee mtandao njiani.

Isiolo hadi Marsabit ni lami, hupotei hata ukitaka. Balaa lilianza tulipopita Maikona. Jangwa la Chalbi likishafunguka, njia ni alama za magurudumu tu, kila dereva alipita kwake. Natazama ramani: kidoti kiko Marsabit mjini, kwenye hoteli tuliyotumia waifai asubuhi. Sisi tunakula vumbi saa nzima, chenyewe bado kinakunywa chai! Dereva akatoa simu yake, kioo kimepasuka, ikatuonyesha tulipo. Alinicheka mpaka North Horr.

Kumbe tableti yangu haina GPS kabisa. Ni ile ya waifai tupu, isiyo na pa kuweka laini. Hata iPad ni vivyo hivyo: ya laini inayo GPS, ya waifai pekee haina. Mjini ilikuwa inakisia kwa kunusa waifai za watu, na Luthuli kila ukuta una ruta. Chalbi ruta ya nani, ya ngamia? GPS yenyewe haitaki bando wala mnara, inasikiliza setilaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu. Ningezima waifai nikatoka nayo barabarani kabla ya kulipa, ningejua mapema. Sawa, hapo kosa ni langu.

Lakini niliporudi dukani yule kijana hakuinua hata macho. "Mzee, uliomba ya bei nafuu. Hukusema unahamia porini."

Mzee! Siku ya kulipa nilikuwa bosi.

Nisimpunje mtu: picha ni safi, chaji inakaa, watoto wanaigombania kwa katuni. Nilitaka kuipa nyota tatu. Nikikumbuka lile "porini", naipa moja, na hiyo ni ya betri.

Asubuhi nimeifungua tena. Inasema niko Umoja, Nairobi. Na kweli niko Umoja.