Gold Monster 1000 na ile milio midogo: upi uchimbe, upi uuache

Wakuu, naona kila wiki kuna mtu anauliza kama hii ditekta ya kutafutia dhahabu ya kampuni ya Minelab, Gold Monster 1000, inafaa kwa ardhi yetu ya huku Chunya, Mbeya, acha niandike kwa urefu ili nikiulizwa tena niwaelekeze hapa. Kwa kifupi inafaa, tena sana, kama unatembea makorongo na yale maeneo ya kifusi cha zamani yenye dhahabu ndogondogo ya juujuu. Ila ukikiachia kile kipimo cha kwenye skrini kikuamulie wapi uchimbe na wapi upite, utarudi kambini na mfuko wa visoda na dhahabu umeiruka mwenyewe. Mlio mkubwa hauna shida, hata mtoto anajua kuchimba mlio mkubwa. Kazi iko kwenye ule mdogo, ule unausikia unasimama unajiuliza hivi ni kweli imelia au ni masikio yangu.

Kwanza mashine yenyewe. Ni nyepesi, kilo 1 na kitu hivi, unaizungusha toka asubuhi hadi jua linakuwa kali mkono haujafa. Inakuja na koili mbili (ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya ardhi), ya inchi 10 kwa 6 na ile ndogo ya duara ya inchi 5. Inafanya kazi kwa kilohezi 45, hiyo ni frikwensi ya juu na ndiyo sababu inasikia vipande ambavyo mashine nyingi za sarafu haziwezi kusikia kabisa, vya chini ya gramu, vingine kama punje ya ulezi. Gharama yake ni kina. Kipande kidogo utakipata sentimita chache tu chini, usitegemee miujiza. Seting ni chache mno: sauti, uwezo wa kusikia kuanzia 1 mpaka 10 pamoja na Auto mbili (mashine inajipangia yenyewe), halafu mode mbili, moja inalilia kila aina ya metali na nyingine inajaribu kuruka chuma cha kawaida. Basi. Mtu ambaye hajawahi kushika ditekta anajifunza siku hiyohiyo, hapo nawapa maksi zote.

Sasa kile kipimo. Juu ya skrini kuna mstari, ukienda kushoto maana yake labda ni chuma, ukienda kulia labda dhahabu. Watu wanakipenda kwa sababu kinaonekana kama kinajua. Kwenye kitu kikubwa kilicho juu kinajua kweli, sikatai. Lakini fikiria mashine inafanyaje kazi: inarusha mawimbi, udongo unajibu, kipande kinajibu, na mashine inajaribu kutenganisha majibu hayo mawili. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma chake wenyewe, zile changarawe nyeusi nzitonzito ukipitisha sumaku zinarukia. Kipande kikiwa kidogo au kiko chini zaidi kidogo, jibu la udongo linakuwa kubwa kuliko la kipande, linakivuta upande wake, na kipimo kinaenda kushoto wakati chini kuna dhahabu kabisa. Huu sio ubovu wa kampuni, mashine zote za aina hii ziko hivyo. Kwahiyo sheria yangu kwenye mlio mdogo ni kwamba kipimo sikiangalii mpaka nimekwangua.

Na kukwangua ndio habari yote. Ukisikia mlio mdogo, simama, punguza mwendo, pitisha koili fupifupi pale pale, halafu zunguka robo pitisha kwa upande mwingine. Kama unalia sehemu ile ile kwa pande zote mbili, mfupi, umekatika vizuri mwanzo na mwisho, huo unastahili. Kama unalia upande mmoja tu na ukigeuka hausikii, mara nyingi ni udongo au koili imegonga jiwe. Kama ni mpana, unaanza polepole unaisha polepole na huwezi kusema umeanzia wapi, ni ardhi yenyewe imebadilika rangi au unyevu. Ukipitisha kwa urefu ukasikia milio miwili imefuatana, ukigeuka unakuwa mmoja, hapo fikiria msumari au kipande cha waya.

Bado hujajua? Nyanyua koili juu kidogo, vidole viwili hivi. Kipande kidogo cha kweli sauti inakufa haraka sana, ardhi inapungua taratibu. Halafu sasa kwangua na ubavu wa buti, sentimita tatu nne, na nikisema buti namaanisha gambuti za mpira maana yale mabuti ya chuma mbele yatakufanya mwendawazimu, kila hatua mashine inalia. Pitisha tena. Ukiwa umeongezeka na umekuwa mkali zaidi, shika sururu, na hapo ndio utazame kipimo, mara nyingi utaona kimeanza kuhamia kulia kadri unavyokaribia. Ukiwa uleule kama mwanzo, haujaongezeka wala kupungua, kwangua mara moja zaidi, ukigoma achana nao. Ukiwa umepotea usiondoke! Watu wengi wanaondoka hapa. Pitisha koili juu ya ule udongo uliousogeza na mguu, kama mlio umehamia huko ina maana kitu kilikuwa juu juu, na kwa mashine inayosikia punje kama hii, kitu cha juu juu sio lazima kiwe takataka.

Mawe nayo. Kuna yale mawe meusi au ya kahawia mazito yanalia kabisa kama kipande. Usichimbe jiwe, lipige teke tu kidogo, pitisha tena, kama sauti imeondoka na jiwe umemaliza. Ukikuta eneo lina mawe hayo kila hatua, teremsha uwezo kutoka Auto kwenda namba ya chini, hata 6 au 5. Najua inauma, mtu amelipa hela anataka mashine iko juu kabisa, lakini mashine iliyo kwenye 5 imetulia inakuonyesha mlio mdogo vizuri kuliko iliyo kwenye 10 inapiga kelele muda wote kama mbu kwenye chandarua. Na ukisogea karibu na karasha (mashine ya kusaga mawe), jenereta au nyaya za umeme, au mwenzako naye anapiga mashine hatua chache pembeni, utasikia vimlio ambavyo havina kitu chini. Njia ya kujua: simamisha koili bila kuisogeza. Ikiendelea kulia yenyewe hiyo haitoki ardhini. Simu nayo weka mbali, au izime kabisa.

Sehemu uliyopo inaamua zaidi kuliko sauti, hii watu hawapendi kusikia. Ukiwa kwenye korongo mwamba uko wazi, nyufa zinaonekana, chimba kila kitu, hata kile unachohisi umekiota, kwa sababu dhahabu ni nzito inashuka inakaa kwenye ufa na hapo udongo ni mchache, kila mlio unamaliza kwa dakika chache. Ukiwa palipowahi kutoka kipande, hata kimoja, kanuni ni hiyohiyo, hamna kuchagua. Lakini ukiwa karibu na kambi ya zamani, na huku Lupa, ukanda wetu wa dhahabu, kambi za zamani ni nyingi, watu wanachimba toka miaka ya 1920, ukienda Saza upande wa Songwe unakuta mabaki ya mgodi wa kikoloni kabisa, hapo misumari, makopo, karatasi za sigara za aluminiamu, vipande vya welding na risasi za gobore viko kila mahali. Hapo tu ndio natumia ile mode ya kuruka chuma, na hata hapo najua nalipa, kuna dhahabu naiacha. Chuma cha kutu unakigundua haraka kwa sumaku kubwa iliyofungwa kwenye mpini wa sururu. Karatasi ya aluminiamu inalia vizuri, kipimo kinaenda kulia kimejaa, unachimba kwa matumaini unatoa pakiti ya Sportsman. Risasi ndio mbaya zaidi, hamna njia ya kuitofautisha na dhahabu ndogo mpaka iwe mkononi, na mimi nikitoa risasi ndogo nafurahi kidogo, maana kama mashine imesikia risasi ile basi ingesikia na dhahabu ya ukubwa ule.

Nikishachimba, udongo nautoa kwa kikombe cha plastiki, napitisha kikombe juu ya koili, mashine ikilia namwaga nusu kwenye kiganja, napitisha tena, hivyo hivyo mpaka inabaki punje kadhaa. Pete vua, saa vua. Dhahabu ndogo ikianguka ndani ya shimo inazama, na mtu anayetumia koleo la chuma kuisaka anapoteza muda na mashine inalilia koleo.

Koili ipi? Kubwa kwa kutembea eneo jipya, ndogo kwa nyufa na kwa kurudia sehemu iliyokwishatoa. Ile ndogo inatenganisha vitu viwili vilivyo karibu na udongo hauisumbui sana, kwahiyo mlio mdogo unausikia safi. Ningekuwa natakiwa kubaki na moja ningebaki na hiyo. Koili zinaingia maji, kile kiboksi cha juu hakiingii, usitumbukize mtoni ukaja kulaumu watu. Hedfoni vaa, za waya, spika yake ni nzuri ila upepo wa Agosti unameza milio yote midogo na ndiyo uliyoifuata.

Ukilinganisha na ditekta za bei kubwa za Minelab hiyohiyo: GPX 6000, SDC 2300, hata zile GPX 5000 za zamani, hizo zinatumia teknolojia nyingine ya mapigo, udongo wetu mwekundu hauzisumbui kama hii na kina ni kikubwa zaidi. Kama una leseni yako, eneo lako lina vipande vya gramu kadhaa kwenda chini na una mtaji, nunua hizo, usipoteze muda na Gold Monster. Lakini hela ya GPX 6000 moja unanunua Gold Monster kadhaa, na kwa dogo anayeanza, anayepiga mashine kwa mgao na mwenye leseni, ambaye dhahabu yake ni ya vipande vidogo anavyopeleka soko la madini mwisho wa wiki, hii inarudisha hela yake. Kuna na wale wanaoulizia kwa ajili ya "mali za Mjerumani", masanduku yaliyozikwa kwenye milima. Mashine hii sio ya hayo, haiendi chini kiasi hicho, na kama mnataka dhahabu ya Mjerumani ya ukweli ni zile sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora 1916 zenye picha ya tembo, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na leo ziko mikononi mwa wakusanyaji.

Pia kuna vifaa vya antena mbili, muuzaji anakwambia vinanusa dhahabu mita mia kutoka ulipo. Hamna kitu. Kule Uingereza kuna mtu, James McCormick, alifungwa miaka 10 mwaka 2013 kwa kuuza vidude vya antena vya namna hiyo kama vya kutafutia mabomu, ndani hamkuwa na mtambo wowote wa kazi. Kifaa ambacho hakina koili mimi hata sishiki.

La mwisho ni feki, maana zipo, Minelab wenyewe wamekuwa wakitoa matangazo kuhusu mashine zao kughushiwa na kuuzwa Afrika. Kwa nje zinafanana sana, stika, boksi, kila kitu. Kabla hujatoa hela angalia namba ya mashine na uihakiki na kampuni, na usikubali ijaribiwe kwa pete ya muuzaji juu ya meza, kwa pete hata mashine ya dukani ya watoto inalia. Nenda na ndoo ya plastiki yenye udongo wa eneo lako, ule mwekundu wenye changarawe nyeusi, na punje moja ya risasi umeigundisha kwenye kipande cha kadi. Ifukie vidole viwili ndani ya ndoo bila muuzaji kuona ni upande gani, washa Auto, mwambie aitafute. Akikuletea stori kwamba betri haijajaa, mwambie utarudi kesho ikiwa imejaa.