Tufe la sentimita 30 la madukani Mtwara: zuri kwa vekta, ila mistari yake inapotosha

Tufe la plastiki la ramani ya dunia, la kipenyo cha sentimita 30, lile linalokaa rafu ya juu kwenye maduka ya vifaa vya shule Mtwara mjini, linafaa sana kufundishia jinsi vekta inavyosafirishwa sambamba, yaani mshale unavyobebwa bila kugeuzwa, juu ya uso uliopinda. Kwanza fungua skrubu ulitoe kwenye mkono wake, maana kifuniko cha nchani kinaziba njia. Kisha pitisha msasa laini kwenye kiungo cha ikweta. Tuta lile dogo hukwamisha kijiti.

Kata kijiti cha kiberiti kibaki sentimita 2, kirefu zaidi hakilali. Kiweke kwenye ikweta, longitudo 40 mashariki, kitazame kaskazini. Kisogeze bila kukizungusha hadi longitudo 130, panda nacho hadi Ncha ya Kaskazini, ushuke kwa longitudo 40. Kinafika kikitazama magharibi: kimegeuka digrii 90 na hakuna aliyekigeuza. Eneo lililozungukwa ni sentimita za mraba 353 hivi. Gawa kwa 225, yaani mraba wa nusu kipenyo, unapata 1.57, na hizo ndizo digrii 90 kwa radiani.

Shida inaanza ukikipeleka kijiti duara zima kwenye latitudo ya Mtwara, digrii 10 na robo kusini. Mwanafunzi huona mistari iliyochapwa, hushikilia pembe ileile dhidi ya kila longitudo, akarudi alikoanzia na badiliko sifuri. Hajakosea hesabu, ametumia muunganiko mwingine, yaani kanuni nyingine ya kubeba mshale toka nukta hadi nukta: ule wa dira, wenye mpindo sifuri (mzunguko haugeuzi mshale) lakini wenye msokoto (hatua mbili ndogo zikibadilishana zamu hazifiki mahali pamoja), na unaovunjika kabisa kwenye ncha. Tunaoutaka ni wa Levi-Civita, mwanahisabati wa Italia aliyeeleza usafirishaji huu mwaka 1917. Huo hauna msokoto, na hapa unatoa digrii 64.

Dawa ni karatasi ya manila. Unga mbili, chora tao la nusu kipenyo cha sentimita 83 na urefu wa sentimita 93, ukate ukanda wa upana wa sentimita 1. Ukiwa bado bapa mezani, chora juu yake mishale yote sambamba, ndipo uubandike kuzunguka latitudo hiyo. Ncha za ukanda zinakutana Mtwara, lakini mshale wa kwanza na wa mwisho imeachana kwa digrii 64. Usichore tao kwa uzi wa nailoni, unavutika. Nusu kipenyo kikifika sentimita 86, pembe inashuka hadi digrii 62. Fito yenye misumari miwili ni bora. Ukanda ulionyooka nao hauendi: unakimbilia ikweta, kwa kuwa unafuata duara kuu.

Kwa darasa la vekta, tungelipaka rangi ya ubao tukabakiza nukta ya Mtwara tu. Mpindo hasi tufe hili haliwezi kuuonyesha. Kwa huo tumia shingo ya mtungi, ambako mshale hugeukia upande wa pili.