Kompyuta ya Mkononi au Kibodi na Kipanya: Ununue Kipi kwa Gemu za Ushindani

Anayetaka kununua kompyuta ya mkononi, yaani kifaa cha gemu cha kushikwa mikononi chenye skrini na vijiti vyake kama Steam Deck, kwa ajili ya gemu za ushindani na aanze na gemu anayoicheza, kabla ya kuuliza bei au kasi ya kifaa, kwa sababu zipo gemu ambazo hazitafunguka hata ukinunua kifaa cha bei ya juu kabisa. Valorant haichezeki kwenye SteamOS, mfumo wa Steam Deck uliojengwa juu ya Linux, kwa kuwa Vanguard, programu yake ya kuzuia udanganyifu, inahitaji Windows. Fortnite nayo haichezeki humo, na Apex Legends, ambayo awali ilikubali, iliwafungia mlango watumiaji wa Linux mwaka 2024. Counter-Strike 2 na Dota 2 hufunguka bila shida, kwani ni za Valve, waliotengeneza kifaa chenyewe.

Kwa gemu za kulenga shabaha, nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani ya kawaida yenye kibodi, kipanya na skrini ya 144 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Skrini ya 60 Hz huonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7, na ya 144 Hz kila baada ya milisekunde 6.9, lakini tofauti kubwa zaidi imo mkononi. Kipanya changu nimekirekebisha ili sentimita 40 zimgeuze mhusika wangu duara zima. Adui akinijia kwa nyuma, mkono husogea sentimita 20 na kusimama hapo hapo, kwa kuwa mkono umeshazoea umbali huo. Kijiti cha analogi cha kompyuta ya mkononi hakina umbali wa namna hiyo. Kidole gumba hukisukuma sentimita moja hivi hadi mwisho, kisha mchezaji hungoja picha izunguke kwa mwendo uliopangwa na gemu, halafu inampasa aachie kwa wakati barabara. Gemu nyingi zinazopokea padi (kidhibiti cha vijiti na vitufe) huficha upungufu huo kwa kumsaidia mchezaji kulenga. Pasipo msaada huo, mwenye kipanya cha bei ndogo atamshinda mwenye kifaa cha dola 800, na sioni haja ya kulipaka jambo hilo rangi.

Kwa hiyo fedha zikiwa chache, tanguliza kipanya na skrini. Kipanya cha waya chenye kasi ya 1000 Hz, yaani kinachoripoti msogeo wake mara 1000 kwa sekunde, kama Logitech G203, kinatosha kabisa, pamoja na mkeka mpana wa kitambaa. Kibodi isikusumbue sana: yoyote inayopokea vitufe kadhaa kwa wakati mmoja itakufaa. Zile za gharama zinazojichagulia kitufe cha kusikiliza unapobonyeza A na D (kushoto na kulia) kwa pamoja zina hatari yake, maana Valve waliupiga marufuku ufundi huo katika seva zao za Counter-Strike 2 mwezi Agosti 2024.

Nafasi ya pili ni kompyuta ya mkononi iliyowekwa mezani, ikaunganishwa na skrini, kibodi na kipanya kupitia tundu la USB-C. Kwa mwanafunzi wa bweni au mtu anayesafiri mara kwa mara, huu ndio ununuzi wenye akili, kwani kifaa kimoja hufanya kazi mbili. Hapa chagua chenye Windows. ROG Ally X ya Asus, ya mwaka 2024, ina betri ya Wh 80, mara mbili ya ROG Ally ya kwanza, ambayo ikiendeshwa kwa nguvu zote hudumu saa moja na ushei tu. Umeme ukikatika katikati ya mechi, betri hiyo itaonekana kuwa mkombozi, hadi utakapokumbuka kwamba ruta nayo imezimika.

Ukikitumia kifaa mikononi tu, ROG Ally X, yenye skrini ya 120 Hz, bado inatangulia. Inafuata Legion Go ya Lenovo, ambayo kipande chake cha kulia huchomolewa na kusimamishwa mezani kama kipanya. Wazo hilo ni zuri, ila kifaa ni kizito na mshiko huo una ugeni wake. Steam Deck OLED, ya inchi 7.4 na 90 Hz, naiweka mwisho kwa sababu ya gemu isizozipokea, ingawa kwa starehe ya kawaida ningeinunua hiyo kabla ya nyingine zote.

Mpangilio huu hupinduka kwenye gemu za mapigano. Tekken 8 na Street Fighter 6 hupiganwa kwa fremu 60 kwa sekunde, shabaha haimo, na kifaa chochote kati ya hivi kinakutosha.

Steam Deck haiuzwi rasmi na Valve katika Afrika Mashariki, hivyo nyingi utakazoziona madukani zimeletwa na watu binafsi, na dhamana yake itakuwa neno la muuzaji. Mimi niliwahi kununua kwa haraka kifaa kilichotumika, nikagundua nyumbani kwamba mhusika wangu anatembea peke yake kuelekea kushoto. Fungua ukurasa wa kupima vijiti ukiwa bado dukani, zungusha kila kijiti mara kadhaa, kisha kiachie. Nukta inayoonyesha kijiti isiporudi katikati na kutulia, mrudishie muuzaji kifaa chake kabla hujatoa fedha.