Vijitabu vya mazishi Kisumu: uchapaji safi, kiolezo cha mzee wa ofisini

Maduka mengi ya uchapaji katikati ya jiji la Kisumu sasa yanauza paketi nzima: unaleta picha na maelezo, wao wanaandika wasifu, wanapanga kurasa, wanachapa, na Ijumaa asubuhi katoni iko tayari kabla mwili haujatoka mochari. Kwa uchapaji, paketi hiyo inastahili bei yake. Kwa kuandika wasifu wa mama mzee, hapana. Sehemu hiyo kamati ya mazishi iishike yenyewe.

Tatizo ni kiolezo kilicho kwenye kompyuta. Vichwa vyake ni Kuzaliwa, Elimu, Ajira, Ndoa, Ugonjwa. Inaonekana kilitengenezewa mwalimu mkuu mstaafu au karani wa reli. Mtilie humo mama aliyeishia darasa la tatu na kujitolea kanisani na kijijini kwa miaka hamsini, uone kinachotoka: Elimu ni mstari mmoja, Ajira inajazwa "mama wa nyumbani", halafu kurasa mbili nzima zinaliwa na watoto, shahada zao na miji wanakoishi. Mwombolezaji anafunga kijitabu akijua kitinda mimba yuko Marekani, lakini hajui nani alikuwa akishika funguo za kanisa.

Mwambie fundi wa kompyuta afute Elimu na Ajira, aweke Kanisa, Kikundi na Kijiji. Hatakataa, wengi wao hufuata wanachoambiwa. Kisha umpe vitu vya kutia humo. "Alipenda kazi ya Mungu" hakumtofautishi marehemu na yeyote. Andika cheo, mwaka wa kuanza na wa kuacha, na kazi yenyewe: mhazini wa akina mama wa parokia, mpishi wa uji wa nasari, mkunga aliyeitwa usiku, mhudumu wa afya aliyezunguka boma kwa boma na daftari la chanjo. Ushahidi huwa sandukuni kwake: kadi ya uanachama, vitabu vya risiti, daftari la chama, picha akiwa na sare. Pitia hayo kabla ya kuuliza watoto, kwa sababu watoto wanamjua mama wa nyumbani kwao tu. Shoga zake wa kikundi ndio wanaojua mengine.

Miaka nayo ipimwe. Chama cha akina mama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa 1952, kwa hiyo wasifu unaosema alijiunga 1949 umeteleza mahali. Vitambulisho vya wazee wengi vina tarehe 1 Januari kwa sababu siku halisi haikuandikwa popote; ni heri kuandika "mnamo 1938" kuliko kuipigia debe tarehe ya karani. Mahali penye utata, tumia matukio. Mvua kubwa za 1961 hadi 1962, zilizofanya ziwa lifurike, wazee wa pwani ya Nyanza wanazikumbuka vizuri, na aliyekuwa na mtoto mgongoni wakati huo husaidia kuhesabu. Halafu linganisha umri wa jaladani na miaka ya ndani. Kosa la jaladani ndilo linaloonwa na kila mtu.

Majina ni eneo jingine ambalo maduka hujikwaa. Zima kisahihisha tahajia cha kompyuta kabla ya kuandika majina ya Kijaluo au ya Kiluhya, maana kitayabadilisha bila kuuliza. Na usisahau jina alilojulikana nalo. Mama aliyeolewa Seme akitokea Alego aliitwa Nyar Alego, yaani binti wa Alego, maisha yake yote. Ukiweka jina la kitambulisho peke yake, nusu ya majirani hawatajua ni nani anayezikwa. Kwenye nyumba yenye wake wenza, orodha ya watoto isomwe na mtu mmoja wa nyumba ya mume na mmoja wa kwao marehemu kabla haijaenda dukani. Jina lililoachwa hapo huleta kelele kaburini.

Maneno ya imani hayawi ya kunakili. Violezo vingi vina sentensi ya "sasa unatutazama kutoka mbinguni". Kwa familia ya Waadventista, na wako wengi Nyanza tangu misheni ya Gendia ya 1906, hilo linapingana na imani yao: kwao wafu wamelala mpaka ufufuo. Jeshi la Wokovu husema amepandishwa utukufuni. Wakatoliki watataka "Pumziko la milele umpe, ee Bwana" iwe imeandikwa, si kudokezwa. Nambari za nyimbo pia zinaponza: wimbo uleule hauna nambari moja katika kitabu cha Kiswahili na cha Kidholuo. Chapa mashairi yenyewe, angalau beti mbili.

Sasa karatasi, ambako maduka haya yako nyumbani. Kijitabu cha A5 ni A4 iliyokunjwa, kwa hiyo kurasa huenda kwa nne: 8, 12, 16, 20. Ukileta maneno ya kurasa 13, utalipia 16, na tatu zitajazwa maua. Kurasa 16 ni karatasi nne. Nakala 300 zinahitaji karatasi 1,200: 300 za jalada na 900 za ndani, yaani rimu mbili za ndani zikiacha 100 za kuharibika. Jalada la karatasi ya gramu 250 kwa mita ya mraba linatosha. La 300 ni zuri zaidi, lakini lazima lipigwe mstari wa mkunjo kwanza, la sivyo wino unapasuka mgongoni. Ndani usikubali karatasi inayong'aa. Chini ya hema saa sita mchana inarudisha mwanga machoni, na wanaosoma wengi ni wazee. Herufi zisipungue ukubwa wa 12. Uliza pia kama mashine ni ya leza. Wino wa maji ukipigwa na mvua ya alasiri ya Kakamega unachuruzika.

Picha ndizo zinazoharibika zaidi, na mara nyingi si kosa la duka. WhatsApp hupunguza picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Itume kama faili. Ukurasa mzima wa A5 unataka picha ya nukta (pikseli) kama 1,750 kwa 2,480. Picha ya kitambulisho ikikuzwa hadi hapo inakuwa ukungu. Ya zamani ya studio itolewe kwenye fremu na kuskaniwa, isipigwe simu juu ya kioo. Ngozi nyeusi hutoka nyeusi zaidi kwenye karatasi ya kawaida kuliko kwenye skrini, kwa hiyo dai ukurasa mmoja wa majaribio na umwambie fundi aongeze mwanga usoni tu, si picha nzima. Wengine hulainisha ngozi mpaka bibi wa miaka 87 anakuwa msichana. Kataa.

Udhaifu mwingine wa huduma: wanapokea masahihisho kutoka kwa yeyote aliye kwenye kundi la WhatsApp. Teua mtu mmoja, mjulishe mwenye duka kwa maandishi, na faili ya mwisho iwe PDF iliyofika Jumatano jioni kwa mazishi ya Jumamosi. Lipa nusu, nyingine siku ya kuchukua.

Siku hiyo usitazame nakala ya juu pekee. Toa moja katikati ya katoni na moja chini. Angalia kama upande wa pili wa karatasi haujatoka kichwa chini miguu juu, kama pini mbili zimekaa kwenye mkunjo, na kama kurasa zinafuatana. Zikiwa na kasoro, saa mbili zinatosha kuchapa upya. Ukishafika Bondo mazishini, hazitoshi.