Kitalu cha akina mama Sagalla: miche ya asili ya ukweli, nyota 5

Nimekaa na hii miche mwaka mmoja na nusu ndio naandika, manake mche hausifiwi ukiwa bado kwa kifuko, unasifiwa ukishapita kiangazi. Kitalu ni cha kikundi cha akina mama huku juu Sagalla, hiki kilima chetu unachokiona ukiwa Voi, wageni wanakipita tu wakikimbilia Tsavo kuona ndovu.

Shamba letu liko kando ya kijito na marehemu babu alikuwa ameweka mikaratusi mpaka ukingoni, enzi hizo kila mtu alikuwa anapanda kwa ajili ya mbao na nguzo, na kusema haki ile miti ilisomesha baba zetu. Lakini chini yake hakuoti kitu, udongo mgumu kama sakafu, mvua ikinyesha maji yanateremka nao wote bondeni. Tukakata. Kwanza nilinunua miche 40 kwa kitalu kingine mjini, nikaambiwa ni ya asili, ilipokua nikaona ni mgrivelia, yaani mti wa Australia vilevile kama ule niliotoka kukata! Iliniuma sana.

Hapa kwa akina mama mambo ni tofauti. Mama aliyenihudumia hakuniuliza nataka mingapi, aliniuliza shamba liko wapi, linateremka kiasi gani, maji yako hatua ngapi, halafu akasema, "Mwanangu, mkilima huko huwa mnakutana na yule wa chini ya udongo?"

Nilijua anamsema nani. Tukiwa watoto tulikuwa tunamkatakata na jembe tukidhani ni nyoka. Ni sesilia wa Sagalla, si nyoka wala si mnyoo, ni amfibia, wa ukoo wa vyura, ila hana miguu na macho yake yamefunikwa na mfupa, anapapasa njia kwa vipapasio viwili vidogo usoni. Wataalamu walimtangaza kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005, akiwemo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakampa jina Boulengerula niedeni, na duniani kote anapatikana kwa hiki kilima kimoja tu. Hata kule Taita ng'ambo wana wao tofauti, yule ambaye watoto wake wanakula ngozi ya mama yao, akiwalea hivyo hivyo mpaka wapate nguvu. Wetu yuko kwa orodha ya walio hatarini kutoweka. Anataka udongo laini wenye unyevu na majani yaliyooza, mchwa wawepo, nyungunyungu wawepo, sasa hebu niambie atapata wapi hayo kwa ule udongo wa mikaratusi.

Basi yule mama akanipangia mwenyewe: mikuyu ukingoni, mizambarau mwitu nyuma yake, migomba juu, na akanikataza kulima zile hatua chache za karibu na maji wala kuchoma takataka, mabua na mashina ya migomba niyalaze tu yaoze. Hiyo elimu hakunilipisha.

Miche yenyewe ilikuwa imeshazoeshwa jua, mizizi haijajikunja ndani ya kifuko, kila aina na alama yake. Nilichukua 60, mpaka leo 51 inaishi, na ile 9 mingi ililiwa na mbuzi wa kwetu. Mikuyu mingine imenipita kichwa.

Mwezi wa tano nilikuwa nageuza shina la mgomba lililooza pale chini, nikamkuta. Urefu kama shibiri moja hivi, kahawia yenye upinki, pete pete mwili mzima, anateleza kama mpira uliolowa maji. Nililowesha mkono kwanza nikamshika sekunde chache, akasukuma kichwa katikati ya vidole vyangu kwa nguvu sikutegemea, nikamrudisha, akazama udongoni kama anaingia majini. Nilikaa pale chini muda mrefu, machozi yakinilengalenga.

Shida zao: hawaleti mzigo, inabidi ulipe bodaboda na barabara wakati wa mvua ni mbaya, kwa hivyo beba kreti manake ukirundika kwa gunia matawi yatavunjika. M-Pesa wanapokea. Jumapili hawafungui. Na msingoje mvua ya Novemba ianze ndio mwende, mikuyu huwa inaisha wa kwanza, mimi awamu ya pili nilikosa nikaandikwa kwa daftari la kungoja.